Je, Wajua? Kifaru Hutoka Kwenye Kalibu

Maji ya masika yakishapungua katika kata ya Mofu, kingo za mito ya Bonde la Kilombero huacha udongo mweusi unaonata, ule unaokubakizia ndala mkononi na mguu topeni. Mkulima anaulaani, mtoto anauokota. Ikifika jioni, juani pameanikwa ng'ombe wa udongo, pawatila ya udongo, lori la udongo lenye matairi yaliyokatwa kwa kizibo cha soda, na pengine kifaru, ikiwa fundi huyo mdogo aliwahi kuona gwaride la Siku ya Uhuru kwenye televisheni ya kibanda umiza.

Ng'ambo ya bahari wako watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, ambao mwisho wa wiki hujifungia chumbani kutengeneza vifaru vya modeli. Vingine vina urefu wa benchi la kukalia, na vipande vyake hutolewa kwenye kalibu kimoja kimoja. Mtoto na mzee hawa hawajuani, lakini shida yao ni moja: kumimina au kushindilia ni rahisi, kutoa ndiyo kazi. Tumekukusanyia mambo machache ya kalibu, kuanzia vitani hadi jikoni.

1. Kifaru huyu, kifaru hiki

Je, wajua kwamba Kiswahili hutofautisha kifaru mnyama na kifaru mashine kwa upatanisho wa sarufi tu? Porini vifaru wamepita, barabarani vifaru vimepita. Neno halikubadilika hata herufi, ila mwenye roho alibaki na wenye roho, na cha chuma kikarudi kwenye viti na vikombe.

Waingereza waliochukua mashine hiyo vitani kwa mara ya kwanza, tarehe 15 Septemba 1916 huko Somme, Ufaransa, waliiita tangi. Lilikuwa jina la kuficha siri: ilipokuwa ikiundwa, watu waliambiwa ni vyombo vya kubebea maji. Siku kumi na moja kabla ya hapo, tarehe 4 Septemba 1916, majeshi yao yalikuwa yameichukua Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani bila hata tangi moja. Waingereza walibaki na jina la chombo cha maji. Sisi tulitazama ngozi nene, pembe mbele na hasira, tukaona kifaru.

2. Kifaru chenyewe ni kitu cha kalibu

Kabla ya modeli kuna kifaru halisi, na hicho nacho kina sehemu zilizomiminwa. Miongoni mwa vifaru ambavyo Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa navyo wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, ni Type 59 kutoka China, ndugu wa T-54 ya Kisovieti. Kichwa chake kinachozunguka, kile cha duara kama bakuli lililofunikwa, hakikuungwa kwa mabamba pande zote. Chuma cha pua kiliyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, na mabamba ya juu yakachomelewa baadaye. Wamarekani walienda mbali zaidi katika Vita Vikuu vya Pili: kwenye M4A1, kimoja cha jamii ya Sherman, bodi nzima ya juu ilitoka kwenye kalibu.

Chuma kilichomiminwa huwa na ngozi ya vipele vipele kama ganda la chungwa, kwa sababu kimenakili mchanga wa kalibu. Ndiyo maana mtengeneza modeli stadi hakiachi kichwa cha kifaru chake kikiwa laini. Hukipaka gundi nzito au putii, kisha hukidonoa kwa brashi ngumu mpaka kipate vipele. Anatengeneza alama ya kalibu ya mchanga ambayo kazi yake haikuwahi kupitia.

3. Gawanya kwa sita, uzito ugawe kwa 216

Modeli kubwa za vifaru huundwa kwa vipimo kama 1:6 na 1:16, na ndogo za mezani kwa 1:35. Chukua Type 59: bodi yake ina urefu wa takriban mita 6 na uzito wa tani 36 hivi. Kwa 1:6 utapata kifaru cha mita moja; kwa 1:16, sentimita 37.5, kwa 1:35, sentimita 17, karibu na urefu wa kalamu ya risasi mpya.

Uzito haufuati hesabu hiyo. Ukipunguza urefu mara sita, umepunguza pia upana mara sita na kimo mara sita, kwa hiyo uzito unagawanywa kwa 6 mara 6 mara 6, yaani 216. Tani 36 zinakuwa kilo 167, gunia moja na theluthi mbili ukihesabu gunia kuwa kilo 100. Kwa 1:16 ni kilo 8.8, na kwa 1:35 ni gramu 840. Modeli nyingi huwa nyepesi kuliko hapo kwa kuwa ndani ni tupu, lakini mwenye modeli ya 1:6 hutafuta mtu wa kumshikia upande wa pili anapoihamisha.

4. Kipimo kilichozaliwa na betri

Je, wajua kwamba kipimo cha 1:35, kinachotawala modeli za vifaru duniani kote, hakikupangwa na mtaalamu yeyote? Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, iliyoanza kama kiwanda cha mbao, ilitoa modeli ya kifaru cha Kijerumani aina ya Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukubwa wake ulichaguliwa ili betri na mota vitoshee ndani. Walipotaka kutoa vifaru vingine vya ukubwa uleule, wakaipima ile Panther, wakakuta iko karibu na 1:35. Kampuni nyingine zikafuata.

5. Vipande 180 vya mnyororo

Kwa nini mtu ahangaike na kalibu badala ya kuchonga? Jibu liko kwenye mnyororo. Kifaru cha jamii ya T-54 na T-55 kina magurudumu makubwa matano kila upande, na mnyororo wa kila upande una vipande vipatavyo 90. Jumla ni kama vipande 180, vyote sawa, kila kimoja na matundu ya pini yanayopaswa kulingana na ya jirani yake.

Ukichonga kipande kimoja kwa saa moja, umefunga kazi ya zaidi ya mwezi kwa saa tano kila siku. Na kosa la nusu milimita kwenye kila kipande, likijirudia mara 90 upande mmoja, linakuwa milimita 45: mnyororo wa kushoto utaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa kalibu unachonga kimoja tu, ila kimoja hicho kiwe kweli. Alama ya kidole chako ikibaki juu yake, itatoka kwenye vyote 180.

6. Kizibo cha soda ni kalibu ya 1:25

Kizibo cha chupa ya soda kilibuniwa na Mmarekani William Painter, aliyekipatia hataza mwaka 1892. Kilianza na meno 24. Siku hizi kina 21. Upana wake wa nje ni takriban milimita 32.

Sasa, gurudumu la T-54 lina kipenyo cha takriban milimita 810. Gawanya kwa 32, unapata 25 na kidogo. Maana yake, mtoto wa Mofu anayekata magurudumu ya udongo kwa kizibo anaunda kifaru cha 1:25 bila kujua, na bodi inayolingana nayo ingekuwa na sentimita 24. Akikandamiza kizibo kwa meno bila kukizungusha, gurudumu linatoka na mikunjo pembeni kama gia. Akikizungusha, linatoka laini. Kizibo kimoja, kalibu mbili.

7. Udongo unywao maji hunywea

Udongo wa mfinyanzi hupungua ukikauka, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 10 ya urefu wake, na hupungua tena ukichomwa. Kwa hiyo gurudumu la milimita 32 likikauka linaweza kubaki 29. Mfinyanzi huchanganya udongo wake na mchanga au vigae vilivyosagwa ili upungue kidogo na usipasuke. Anaposhindwa, chungu hupasuka tanurini, na hapo ndipo wahenga walipomwona mfinyanzi akila gaeni.

Metali nazo hunywea zikipoa. Alumini hupungua kwa takriban asilimia 1.3, na ndiyo maana wachonga vielelezo vya viwandani huwa na rula maalumu ambayo sentimita zake zimerefushwa kidogo. Fundi akichukua sufuria ya sentimita 30 akaitumia kama kielelezo, mpya itatoka na upungufu wa milimita 4. Akichukua hiyo mpya kunakili nyingine, na nyingine tena, ya tano itakuwa na sentimita 28 na kidogo, na ujazo wake utakuwa umepungua kwa asilimia 18. Mama mwenye nyumba ataona wali hautoshi, amlaumu mpishi.

8. Sufuria bila mshono, hatua kwa hatua

Tazama jinsi mafundi wa alumini wanavyofanya. Mchanga laini wenye udongo kidogo unaloweshwa kiasi tu: ukifumbata konzi ukaachia, tonge libaki na alama za vidole, na ukilivunja livunjike mara moja. Sufuria ya mfano inafunikwa kwenye fremu, mchanga unashindiliwa nje yake, kisha ndani. Kati ya tabaka na tabaka hunyunyizwa unga mkavu ili yasishikane. Sehemu zinatenganishwa polepole, sufuria inaondolewa, kisha zinarudishwa kama zilivyokuwa. Sasa katikati pana pengo jembamba lenye umbo la sufuria, na ndani yake hamna kitu. Hilo pengo ndilo bidhaa. Alumini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, humiminwa tu kulijaza.

Mchanga ukiwa na maji mengi, ni hatari. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, na metali ya moto inaweza kumrukia fundi usoni.

Jambo jingine: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo vya kupikia vya mabaki ya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo, na baadhi vilikutwa vikiachia madini ya risasi. Chuma chakavu kisichojulikana kilikotoka kinafaa zaidi kwa kifaru cha kabatini kuliko kwa maharage.

9. Molasi ya Kilombero, gundi ya mchanga

Je, wajua kwamba uji mweusi unaobaki baada ya kutengeneza sukari ni rafiki wa zamani wa watu wa kalibu? Molasi ikichanganywa na mchanga kisha ikakaushwa kwa moto, mchanga huwa mgumu kama biskuti. Hutumika hasa kwa ule moyo unaowekwa katikati ya kalibu ili kitu kitoke na tundu. Metali ikishaganda, joto limeiunguza molasi, na moyo unabomoka wenyewe ukigongwa. Viwanda vya sukari vya Kilombero vimekuwa vikisaga miwa tangu miaka ya 1960. Kile ambacho wengine hukijua kama chakula cha ng'ombe, mmimina vyuma hukiona kama gundi inayojua kuondoka wakati wake ukifika.

10. Pumba za mpunga, blanketi la chuma

Kilo 100 za mpunga hutoa kama kilo 20 za pumba. Choma pumba hizo, utabaki na kilo 4 hivi za majivu, na sehemu kubwa ya majivu hayo, asilimia 85 hadi 95 yakichomwa vizuri, ni silika, madini yaleyale ya mchanga mweupe. Kwenye maeneo ya mpunga wafyatua matofali hutumia pumba kuchomea tanuri.

Viwandani majivu hayo hunyunyizwa juu ya chuma cha pua kilichoyeyuka kabla ya kumiminwa. Huelea kama blanketi na kuzuia joto lisipotee. Pumba zinazorundikwa nyuma ya mashine za kukoboa za Ifakara, zikachomwa ovyo kwa kukosa pa kuzipeleka, ni za jamii hiyohiyo.

11. Hogo nalo ni kalibu

Aliyewahi kuvunjika mkono akafungwa POP, au hogo kama wengi wanavyoliita, amewahi kuwa ndani ya kalibu. Plasta hiyo hutokana na jasi, madini yanayochimbwa Tanzania, Makanya wilayani Same ikiwa mojawapo ya sehemu zake. Jasi ikipashwa moto wa nyuzi 150 hivi hupoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake. Ukiirudishia maji, inaganda huku ikipata joto, na hupanuka kidogo sana. Upanukaji huo mdogo ndio unaoisukuma kwenye kila ufa, na ndio unaoifanya ipendwe na watengeneza kalibu.

Chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko KCMC mjini Moshi, TATCOT, kimefundisha kazi hii tangu 1981. Kisiki cha mguu hufungwa bandeji za plasta, zikiganda huvuliwa kama soksi. Ndani ya soksi hiyo humiminwa plasta nyingine, ikapatikana nakala ya kisiki. Fundi huichonga: hapa anapunguza ili mguu ubebe uzito, pale anaongeza ili mfupa usiumie. Mwisho plastiki ya moto hufinyangwa juu yake. Kalibu imetoa umbo, umbo likawa kalibu tena.

12. Mpira, mmea uliokuwa biashara ya bonde

Kabla mpira haujawa wa miguu ulikuwa utomvu wa mimea ya porini, na ngeli yake ya M na MI ni ileile ya mti na mgomba. Bonde la Kilombero lilikuwa na biashara kubwa ya mpira wa porini. Mwanahistoria Jamie Monson ameiandikia historia yake ya kati ya 1890 na 1914. Watu walichanja mimea ya kutambaa ya mwituni, wakakusanya utomvu na kuuviringisha matonge ya kuuzwa. Leo Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lina mashamba mawili ya mpira: Kihuhwi wilayani Muheza, na Kalunga hapahapa Kilombero.

Utomvu wa mpira ni kalibu nzuri. Unaupaka kwa brashi juu ya kielelezo, unasubiri ukauke, unapaka tena, tabaka baada ya tabaka. Ukishakuwa mnene unauvua kama unavyovua glavu, hata kama kielelezo kina mapengo na makunyanzi ambayo kalibu ngumu isingeachia.

13. Silikoni na adui yake

Watengeneza modeli wengi siku hizi hutumia silikoni ya kumimina, na baadhi ya silikoni zina adui wa ajabu: salfa. Ukiwa umefinyanga kielelezo chako kwa udongo wa kuchezea wenye salfa, au umevaa glavu za mpira wa asili, silikoni inayogandishwa kwa platinamu haigandi pale ilipogusa. Inabaki utelezi unaonata siku nzima, wiki nzima. Mpira na silikoni hufanya kazi moja, ila haipendezi wakutane.

14. Kipande kimoja cha mnyororo, kwa karibu

Hivi ndivyo kipande cha mnyororo wa kifaru cha 1:6 kinavyozaliwa. Kile cha kwanza kilichochongwa tukiite mama. Mama anazikwa nusu kwenye udongo laini usio na salfa, na mstari wa udongo unapita pale pale ambapo kalibu itafunguka. Pembeni unabonyeza mashimo madogo kwa ncha ya kalamu. Unazungushia boksi la kadibodi, unamimina silikoni kutoka juu, nyembamba kama uzi wa asali, kwenye kona moja, ili ipande yenyewe na kufukuza hewa.

Kesho yake unageuza boksi na kung'oa udongo. Mama anabaki amekaa kwenye silikoni, na yale mashimo ya kalamu sasa yamekuwa vinundu vya silikoni vinavyongoja kukumbatiwa na nusu ya pili, ili nusu mbili zishikane bila kuteleza. Silikoni haishiki vitu vingi, lakini hujishika yenyewe, kwa hiyo unapaka vaselini kila mahali kabla ya kumimina. Ukisahau vaselini, umemzika mama akiwa mzima.

Kalibu ikiwa tayari unakata mfereji wa kuingizia na mfereji mwingine wa hewa kutokea. Unachanganya resini yenye chupa mbili, unamimina, na baada ya muda kalibu inakupasha kiganja moto: resini inaganda. Kipande cha kwanza huwa na kipovu kwenye jino, pale hewa ilipokosa njia. Unaongeza mfereji. Cha pili kinatoka kizima. Wenye haraka huweka vielelezo kumi kwenye kalibu moja, na vipande 180 vinakuwa mimino 18.

15. Askari waliokuwa na matumbo matupu

Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari wa kuchezea waliomiminwa kwa mbinu ya kuokoa fedha. Metali ya risasi ilimiminwa kwenye kalibu baridi, ikaachwa kidogo hadi ngozi ya nje igande, kisha kalibu ikageuzwa na metali ya katikati ikamwagwa. Askari alitoka mzima kwa sura na mtupu kwa ndani, mwepesi na wa bei nafuu.

16. Misalaba ya Katanga na siwa ya Lamu

Kusini-mashariki ya Kongo watu waliwahi kumimina fedha. Shaba ya Katanga, inayoyeyuka kwenye nyuzi 1,085, ilimiminwa kwenye kalibu zenye umbo la msalaba wa X, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha na mali ya thamani. Midogo yake imekutwa kwenye makaburi ya Sanga katika bonde la Upemba. Kusini zaidi, kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, ilipatikana kalibu ya jiwe laini ya kumiminia shaba ya umbo la aina hiyo. Katanga ilipojitangazia uhuru mwaka 1960, iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake.

Pwani, siwa ya shaba ya Lamu, baragumu la sherehe za wakubwa, ilitengenezwa kwa njia ya nta. Umbo huundwa kwa nta, hufunikwa udongo, moto huyeyusha nta ikatoka, na shaba huingia mahali pake. Kalibu ya namna hiyo huvunjwa ili kitu kitoke, kwa hiyo haitoi siwa ya pili. Mwenye haja ya vipande 180 asijaribu.

17. Mang'ula na reli iliyomiminwa

Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, palikuwa na karakana kubwa iliyozaliwa na ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, ambayo baadaye ikawa kiwanda cha zana na mashine. Reli yenyewe, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina mataruma ya zege, na kila taruma la zege limetoka kwenye kalibu. Abiria anayeteremka Ifakara amesafiri juu ya nakala za kitu kimoja tangu alipopanda.

18. Tope la Mofu lingekikubali kifaru kidogo

Kifaru halisi cha jamii ya T-55 hukandamiza ardhi kwa takriban kilo 0.8 kwa kila sentimita ya mraba. Ukikipunguza kwa 1:6 kwa uwiano kamili, uzito unagawanywa kwa 216 na eneo la mnyororo kwa 36, kwa hiyo mkandamizo unagawanywa kwa 6 tu: kilo 0.13. Huo ni chini ya mkandamizo wa mtu mzima aliyesimama peku kwa miguu miwili. Bonde la Kilombero ni ardhioevu yenye kilomita za mraba 7,967, iliyowekwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, makao ya swala aitwaye sheshe. Wakati wa masika cha tani 36 kingezama humo. Modeli yake ingekatiza jaruba na kufika ng'ambo, ikiacha alama za mnyororo nyuma yake.

19. Chuma cha vitumbua

Kalibu iliyo karibu nawe zaidi pengine iko jikoni. Chuma cha vitumbua kina kila siri ya kiwandani. Mashimo yake ni mapana juu na membamba chini, ili kitumbua kitoke bila kukwama. Mafuta yanafanya kazi ya vaselini. Chuma kinapashwa kwanza, maana uji wa mchele ukikuta chuma baridi, unashika. Na mama muuza vitumbua anapokipindua kwa kijiti, anakitoa kwenye kalibu kabla hakijaiva chote, kwa kuwa amejifunza lini ngozi ya chini imeshika. Britain wa London alihitaji kujua jambo hilohilo.

20. Kalibu na kaliba

Sasa turudi kwenye kifaru na mzinga wake. Ukubwa wa tundu la bunduki au mzinga huitwa kaliba. Wanaisimu hulirudisha neno hilo la Ulaya kwenye Kiarabu qalib, yaani umbo la kumiminia, na kutoka Kiarabu hichohicho sisi tulipata kalibu. Neno moja lilipita njia mbili. Moja lilikuja na majahazi likaishia kwenye matofali, lingine lilizunguka Ulaya likaishia kwenye mizinga, na yote mawili yakaonana tena kwenye Kiswahili.

Kaliba ya mzinga wa Type 59 ni milimita 100. Kwa modeli ya 1:16 ni milimita 6 na robo, na kwa 1:35 ni chini kidogo ya milimita 3, karibu na kijiti cha mshikaki. Ndicho ambacho mtoto huchomeka kwenye kichwa cha udongo.

21. Kufyatua

La mwisho liko kinywani mwetu kila siku. Mtego hufyatuka. Risasi hufyatuliwa. Tofali pia hufyatuliwa. Waswahili hawakuchagua kitenzi cha kujaza wala cha kushindilia, ingawa mfyatua matofali hushinda mchana mzima akijaza na kushindilia. Walichagua sekunde ile anapopindua kalibu iliyopakwa maji na mchanga, anaigonga, anainyanyua wima, na tofali linabaki chini likiwa na kona zote nne. Likibaki na kona tatu, analirudisha kwenye tope na kuanza upya, maana udongo huwahiwa ungali maji.

Kwa hiyo kifaru cha udongo kilichoanikwa Mofu, chenye magurudumu ya kizibo na mzinga wa kijiti, hakitafyatua kitu. Chenyewe ndicho kilichofyatuliwa.